Ubani wa Panzi

Vijana wa maabara, mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi kabla sijasahau, au kabla sijafa, ingawa hilo la pili hamkulitamka kwa adabu zenu. Alhamdulillahi, bado nakumbuka. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na havisimuliki, na mishahara imekwisha kuliwa. Nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza, kwa sababu karibu kila mlichoniona nikifanya pale mezani, tangu kupangusa kioo kwa pamba kavu mpaka kunyamaza mashine inapokataa, nilijifunza Nachingwea, katika banda la mabati, kwa mdudu.

Wengine wenu mnadhani nilianza na utafiti wa korosho. Nilianza kwa kumpepea panzi.

Miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa nimetoka kwetu Chunyu baada ya kuhitimu Kurani chuoni. Mwalimu wangu alitaka nibaki nimsaidie kufundisha watoto alifu na bee. Baba alitaka nilime ufuta. Mimi nilitaka kuona matrekta, na watu walisema Nachingwea, kwenye shamba kubwa la karanga, kulikuwa na matrekta mengi kuliko karanga. Nikafunga kanzu yangu na kofia ndani ya shuka, nikaenda.

Matrekta hayakunihitaji. Karani wa langoni alinielekeza kwenye banda moja lililojitenga karibu na uwanja wa eropleni, akaniambia kule wanachukua mtu yeyote. Nilimkuta mzungu mrefu mwembamba amepiga magoti, anamtazama mbawakavu aliyekuwa juu ya kinyesi cha ng'ombe. Jina lake lilikuwa refu na gumu. Sisi tulimwita Bwana Hoski. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama najua kusoma. Nikamwambia najua, ila herufi zangu zinaanzia kulia. La pili, kama naweza kukaa bila kutikisika.

Nilitaka kucheka. Mwalimu wetu alikuwa na bakora iliyofika safu ya nyuma bila yeye kuinuka. Mtu aliyelelewa chini ya bakora ile anajua kukaa. Nikakaa. Bwana Hoski akawasha sigara, akaivuta yote huku ananitazama. Inzi akatua puani kwangu, akatembea, akanawa mikono, akatembea tena. Sikumfukuza.

"Kesho asubuhi," akasema Bwana Hoski.

Inzi yule namwombea heri mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa vita Bwana Hoski alikuwa fundi wa eropleni, na vita ilipokwisha akawa amezichoka. Alisema eropleni ni kiumbe rahisi: mabawa yamekaza, injini inavuta, habari imekwisha. Yeye alitaka kujua wanaoruka kwa kupiga mbawa wanafanyaje: ndege, popo na wadudu. Wakubwa wake huko kwao walimkubalia kwa sababu ya wadudu waharibifu, kwamba ukijua panzi anavyoruka huenda ukajua atafika lini shambani. Ndege na popo aliwaongeza mwenyewe chini ya ukurasa. Nadhani wakubwa hawakusoma mpaka chini.

Wiki ya kwanza niliona ni wajibu wangu kumweleza ukweli, nisije nikaulizwa mbele ya Mola kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia kwamba sisi tulifundishwa tangu utotoni: ndege kule angani hashikwi na yeyote ila Mwingi wa Rehema. Bwana Hoski alifikiri, akaweka koleo yake chini.

"Vizuri," akasema. "Mimi nataka kujua anamshika wapi."

Nililipima swali lile usiku na mchana. Mwisho niliona halina kufuru. Lina adabu mbaya tu.

Mwalimu wangu wa pili baada ya yule wa bakora alikuwa Fundi Lukas, Mmakua wa upande wa Masasi, Mkristo, fundi wa matrekta aliyeazimwa na banda letu na hakurudishwa. Huyu hakuwa na bakora. Alikuwa na mdomo. Ndiye aliyejenga sanduku la upepo. Lilikuwa refu kama jeneza la mtu mnene, la mbao za mninga, na ubavuni lilikuwa na kioo cha mbele cha lori. Nyuma alifunga feni ya rejeta ya trekta ivute hewa. Mdomo wa mbele aliuziba kwa vipande vya mianzi myembamba, vimekatwa sawasawa na kupangwa kama sega la nyuki, ili hewa ipite katika vitundu na kuingia imenyooka.

"Upepo wa Nachingwea umelewa," alinieleza. "Hapa tunaupitisha kwanza uache pombe."

Vifaa vingine mngevicheka. Mizani ya kupima nguvu ya panzi ilikuwa kipande cha wembe na ujiti wa mwanzi. Chombo cha kusimamisha mbawa kilikuwa sahani ya bati yenye tundu, inayozungushwa mbele ya jicho. Ukiizungusha kwa kasi sawa na mapigo ya mbawa, jicho linaliona bawa mahali palepale kila tundu linapopita, na bawa linasimama. Mara ya kwanza nilipoliona limesimama nilisema Subhanallah kwa sauti, na Fundi Lukas akaitikia "Amina" bila kujua amekubali nini.

Panzi alipachikwa hivi, na haya yaandikeni kwa sababu leo mnatumia gundi mnamuua. Chukua nta ya nyuki, iyeyushe, ngoja mpaka ukiigusa na mdomo wa chini usishtuke. Tia tone dogo mgongoni, nyuma ya kichwa, mbele ya mbawa, ushikishe ujiti. Usimpulizie pumzi. Asubuhi ya kwanza nilimpachika vizuri, nikamweka mbele ya feni, naye akasimama pale mezani kama amekuja kungoja mtu. Hakupiga hata bawa moja.

"Mwinue," akasema Bwana Hoski.

Nikamwinua kidogo, miguu ikaachana na meza. Papo hapo mbawa zikafunguka, akaruka. Nikamshusha, miguu ikagusa, akaacha. Nikamwinua, akaruka. Panzi hahitaji amri nyingine: miguu ikikosa pa kukanyaga, mbawa zinaanza zenyewe, upepo ukimpiga usoni, kwenye vinyweleo vya kichwa, anaendelea.

"Kama karani," akasema Fundi Lukas. "Mwondolee kiti, ndipo aone kazi."

Jambo lililonishangaza kuliko yote kwa panzi ni kwamba ana mbawa nne, na hazipigi pamoja. Kwenye sahani yenye tundu tuliona wazi kuwa la nyuma linatangulia kushuka, kisha la mbele linafuata. Bwana Hoski alifurahi kama aliyepata mtoto. Mimi niliona ajabu, nikaenda kuswali adhuhuri, nikalisahau. Lilinirudia baadaye, kama mtakavyosoma.

Ndege walitusumbua zaidi. Ndege hakubali nta mgongoni. Hua wa kwanza alimdonoa Bwana Hoski sikioni na Fundi Lukas akaomba apandishwe cheo, yule hua. Fundi akajaribu kutengeneza bawa la turubai na vijiti vya mwavuli, linalopigwa juu na chini kwa mkono wa pedeli ya baiskeli, akalifunga kwenye kiti. Lilipiga chini kiti kikainuka, lilipiga juu kiti kikashuka. Lilitoa jasho jingi na halikwenda popote.

"Mkutano wa wazee," akasema Fundi, akalitupa.

Ilituchukua msimu mzima kuelewa tulipokosea. Hua anaporuka hapigi juu na chini kama mtwangaji. Anapopiga chini, bawa linakwenda chini na mbele, na ncha yake inajipinda kama panga linalozunguka puani mwa eropleni, ikivuta. Anapolirudisha juu, analikunja kiwiko, linapita hewani limefumbwa, halibishani na upepo. Sehemu iliyo karibu na mwili inabeba; ncha inavuta. Mama zetu wanaopepeta ufuta wanalijua hilo kwa ungo: hawaupigi bapa, wanauinamisha kidogo, na makapi yanakwenda yanakotakiwa. Nilimwambia Bwana Hoski habari ya ungo, akaomba aletewe mmoja. Akapepeta, banda zima likajaa vumbi.

Ndipo ikafika zamu ya popo, na popo wakanipeleka Nandagala.

Msikiti wa Nandagala siku hizo ulikuwa na paa la makuti, na paa lilikuwa na popo wengi kuliko waumini. Mwadhini alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuwa na vita na popo wale tangu kabla ya kuja kwetu. Walichafua majamvi, yeye akayakung'uta; wakachafua tena. Tulipofika na Fundi Lukas na kumweleza kwamba tunatafuta popo, alitutazama kama tumetumwa na Mbinguni kwa lori.

"Chukueni wote," akasema. "Na wakizaa njiani, watoto ni wenu. Sitadai."

Fundi alibaki nje kwa heshima ya msikiti, mimi nikapanda ngazi. Chini, gunia lilishikwa na msichana aliyekuwa akifagia ua, mtoto wa dada yake Mzee Athumani. Jina lake Somoe. Nilikuwa nimevaa glovu za ngozi za fundi wa kuchomelea, nikiwa na wasiwasi wa popo na wasiwasi wa ngazi, nikaona nitoe amri ili nionekane mtu wa kazi.

"Shika mdomo wa gunia vizuri," nikamwambia.

"Wa gunia nimeushika," akajibu. "Wewe shika wako. Popo wanataka kulala."

Nilishuka pale nikiwa na popo wengi na akili kidogo.

Popo ni kiumbe wa kukufanya uone haya kwa vidole vyako. Ukimfungua bawa mbele ya taa unaona ni mkono: kidole gumba kimebaki ndoano, vingine vimerefuka, na ngozi imetandazwa katikati mpaka mguuni. Ndege ana manyoya yanayofanya kazi kwa utaratibu wake; popo anaukunja na kuukunjua mkono wenyewe, anaufinyanga kila pigo. Ngozi inatuna akipiga chini, inalegea akipandisha. Na wale tuliowachukua hawakuanza kuruka kama panzi. Bwana Hoski alimweka mmoja mezani, akatambaa kama mzee anayetafuta miwani. Tukamning'iniza kichwa chini kwenye waya, kama alivyozoea. Akaachia, akaanguka, na katika kuanguka akapata upepo wake akaenda. Lazima kwanza aanguke. Fundi Lukas alinitazama mimi.

"Na wewe umekwisha kuachia waya," akasema. "Bado kupata upepo. Nenda kaposwe."

"Mwanamume haposwi, Fundi. Anaposa."

"Kwa jinsi ulivyorudi na gunia lile, sijui."

Hapa niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa mama. Baba wa binti anakaa mbele, anapokea wageni, anaamkiwa kwanza. Lakini neno la ndoa ni la mjomba. Baba wa Somoe alikuwa mtu mpole, alikubali kabla mshenga hajakaa vizuri. Mjomba wake ndiye Mzee Athumani. Mshenga wangu alikuwa mjomba wangu mwenyewe, Mjomba Hamisi, aliyerudi akitabasamu: Mzee Athumani ameridhika, kijana amesoma chuo, tena amewapunguzia popo. Jibu rasmi litatolewa ufuta ukishavunwa. Nikaanza kuona banda la mabati ni mahali pazuri sana duniani.

Wakati ule ule Bwana Hoski alikuwa amekwama. Alijua mbawa zinafanya nini; hakujua hewa inafanya nini. Hewa haionekani. Unaweza kumpima panzi, kumhesabia mapigo, lakini upepo unaotoka nyuma ya bawa lake, unakokwenda na unavyojizungusha, huo huuoni. Tulihitaji moshi mweupe, mzito, usio na haraka. Fundi Lukas alijitolea kuvuta sigara na kupuliza kwenye mrija. Alivuta mpaka akalala chini ya benchi. Tukajaribu matambara yenye mafuta ya trekta, kioo kikawa cheusi na panzi akakohoa, kama panzi wanakohoa. Tukajaribu kinyesi cha ng'ombe kikavu. Hapo Bwana Hoski mwenyewe alitoka nje.

Mimi ndiye niliyekumbuka ubani. Nilikuwa nimekaa nao utoto mzima, nikiutazama ukipanda kutoka kwenye chetezo huku wakubwa wakisoma na mimi nikingoja pilau. Mweupe, mzito, unapanda kwa mstari mmoja kama uzi. Nikachukua chetezo cha mama, nikaenda sokoni Ruangwa kununua ubani wa kutosha.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye macho ya kupima watu. Nilipomwonyesha kiasi ninachotaka, alisimamisha mkono.

"Pole. Nani amefariki?"

"Hakuna, mama."

"Maulidi?"

"Hapana."

"Basi wote huu wa nini?"

Nilifundishwa nisiseme uongo, na mafunzo yale yamenigharimu mara nyingi. "Wa panzi," nikasema.

Akanifungia ubani. Nilipofika mwisho wa safu ya mabanda nilisikia jina la kijiji chetu likitajwa nyuma yangu.

Ubani ulifanya kazi kuliko matumaini. Tuliupitisha kwenye mrija wa shaba mpaka mbele ya panzi, na kwa mara ya kwanza tukaona: kila pigo la kushuka linaacha nyuma yake moshi umejikunja kama konokono, mmoja baada ya mwingine, ukisukumwa chini na nyuma. Hewa inakwenda chini na nyuma, panzi anakwenda juu na mbele. Bwana Hoski alipiga picha mpaka filamu zikaisha. Fundi alisema banda sasa linanukia kama peponi.

Lakini kwetu ubani hauwashwi hivi hivi. Ukiusikia, unajua kuna kisomo: hitima, au maulidi, au arobaini ya mtu. Watu wanaketi, sauti zinashuka, mikono inafunguka yenyewe. Kwa hiyo Ruangwa wakisema kuna kijana anamwashia ubani panzi, Nandagala hawasikii habari za upepo. Wanasikia kwamba panzi anasomewa.

Mjomba Hamisi alinijia bandani bila kutabasamu. Hakukaa.

"Mzee Athumani amerudisha posa," akasema.

"Kwa nini, mjomba?"

"Ameuliza: mtu asiye na mke anamfukizia panzi, akiwa na mke atamfukizia nini? Anasema hamtoi mtoto wa dada yake kwa mtu anayesoma hitima za wadudu."

"Hatumsomei. Tunawasha tu ili tuuone upepo."

Mjomba Hamisi alinitazama kwa huruma. "Hilo," akasema, "nakuomba usiende kulisema Nandagala."

Nikaenda nikalisema. Mzee Athumani alinisikiliza uani kwa msikiti, akaniuliza kama chuoni tulifundishwa kutazama upepo. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ubani ule unawashwa kwa makaa, katika chetezo, mbele ya mdudu aliyewekwa juu ya kiti. Nikasema ni ujiti, si kiti. Akaenda kuadhini. Somoe hakutoka ndani, ila alimtuma dada yake mdogo aniletee salamu zake: "Kama panzi wako ana mjomba, mpelekee posa huyo."

Nilirudi Nachingwea nimeanguka kutoka kwenye waya na upepo sijaupata. Nilifikiri kuacha kazi. Nilimwambia Fundi Lukas kwamba nikichagua kati ya panzi na Somoe, panzi atanisamehe.

"Usichague," akasema. "Walete waje waone. Mtu akiona trekta limefunguliwa injini haogopi tena mlio wake."

Bwana Hoski alikubali, akachana nywele. Mjomba Hamisi akaenda kuomba, na baada ya maneno mengi Mzee Athumani akakubali kuja pamoja na wazee wawili wa msikiti wawe mashahidi. Walikuja na lori la ufuta, kanzu zimejaa vumbi mpaka kofia. Tuliwapa maji, wakanawa, tukawatandikia mkeka ndani ya banda, karibu na sanduku.

Mzee Athumani alitoa sharti mbele ya wote. "Sisi tutatazama. Hatutagusa kitu. Fanyeni kama mnavyofanya siku zote. Likisomwa neno lolote juu ya mdudu huyu, tunaondoka, na habari ya Somoe imekufa. Lisiposomwa, tutazungumza."

"Halisomwi neno, mzee," nikasema.

"Tutaona."

Nilimpachika panzi, nikaubana ujiti wake kwenye kishikio kinachopanda na kushuka, miguu ikigusa ukingo wa meza ndogo sandukuni. Fundi Lukas akafungua feni. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikanyunyiza ubani, nikaushika mrija kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine. Moshi ukaingia sandukuni, ukapita, ukatolewa na feni upande wa nyuma, na kwa muda mfupi banda lote likajaa harufu ile tunayoijua sote tangu tumbo la mama.

Sikuwa nikiwatazama wazee. Nilisikia mmoja anasafisha koo. Nilisikia mkeka unalia, mtu anakunja miguu akae vizuri. Kisha sauti ndefu ya Mzee Athumani, ile iliyozoea kutangulia katika kila msiba wa Nandagala, ikasema polepole, "Al-Fatiha."

Wakasoma. Wote watatu, na Mjomba Hamisi wa nne, macho wameyafumba, mikono imefunguka mapajani. Fundi Lukas akavua kofia. Bwana Hoski, ambaye alilelewa vizuri, akafumbata mikono na kuinamisha kichwa. Baada ya Fatiha Mzee Athumani akaingia kwenye dua kama ng'ombe anavyoingia zizini kwake: akamwomba Mola amrehemu tuliyekusanyika kwa ajili yake, amsamehe makosa yake, amwepushe na dhiki ya nafasi finyu.

Mimi nilibanwa. Nikiitikia, nimemsomea panzi na Somoe amekwenda. Nisipoitikia, nimeipa dua mgongo. Nikafanya lile nililoajiriwa kufanya: sikutikisika. Ni vidole tu vilivyochoka, vikaupandisha ujiti kidogo. Miguu ya panzi ikaachana na ukingo. Mbawa zikafunguka, akaruka.

"Amin," wakasema wazee, wakapangusa nyuso, wakafumbua macho.

Feni ilikuwa ikizunguka. Moshi ulikuwa ukijikunja nyuma ya panzi, mzunguko baada ya mzunguko, mzuri ajabu. Na Fundi Lukas, ambaye Mungu alimpa vipaji vyote isipokuwa cha kunyamaza, akasema:

"Marehemu amefufuka."

Mzee mmoja akamgeukia mwenzake. "Athumani, tumesoma."

"Nimesikia."

"Tena kwa yule—"

"Nimesikia, nimesema."

Aliinuka, akaja mpaka kwenye kioo. Hakunitazama. Alimtazama panzi muda mrefu, kisha akauliza ile sahani ya bati ni ya nini. Nikamwonyesha pa kuweka jicho, nikaizungusha, nikatafuta kasi mpaka bawa likasimama, kisha nikaipunguza kidogo ili mbawa zionekane zikitembea polepole. Akainama. Nilisikia pumzi yake.

"La nyuma linatangulia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"La mbele linafuata."

"Ndiyo."

"Lakini mtu akimtazama hivi hivi, analiona la mbele."

"Ndivyo wengi tunavyodhani, mzee."

Aliendelea kutazama. Mjomba Hamisi alifungua mdomo, Fundi Lukas akamkanyaga mguu. Hatimaye Mzee Athumani akanyooka, akakung'uta kofia yake vumbi la njiani.

"Hamisi," akasema, "habari ya kisomo cha leo inabaki hapa Nachingwea. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi nenda kwa baba yake Somoe. Mwambie bawa la nyuma limekwisha piga. Sasa na yeye apige."

Naandika haya leo kwa sababu waliokuwapo kwenye mkeka ule wote wametangulia mbele ya haki, Mola awarehemu, na nadhani huko wamekwisha kucheka. Harusi ilifanyika Nandagala. Ubani uliwashwa kama kawaida, na Somoe, ndani ya kanga zake, aliniuliza kwa sauti ndogo nani anaruka. Mwaka uliofuata Bwana Hoski aliitwa kwao. Inaelekea kuna mtu alisoma mpaka chini ya ukurasa. Fundi Lukas alichukua sanduku la upepo akafugia kuku, akidai wanataga kwa mpangilio. Mimi nikaenda kwenye korosho, na huko mnakujua.

Limebaki moja la siku ile. Tuliwasindikiza wazee mpaka barabarani, tukangoja lori, tukaongea, tukapeana mikono mara nyingi, Fundi akaeleza mambo mengi ambayo hayakuulizwa. Tuliporudi bandani jua lilikuwa limegeuka. Katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kuzima feni, na panzi bado alikuwa pale juu ya ujiti wake, upepo usoni, anaruka. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Makaa yalikuwa yamezimika. Nilimshusha taratibu mpaka miguu ikagusa meza, naye akaacha papo hapo, akakunja mbawa, akasimama kama hajawahi kwenda popote. Nikamtoa nta, nikampa jani.

Mwezi uliopita mliniaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Miguu imegusa meza, vijana wangu, na sioni vibaya. Somoe ameshaleta jani. Ni kisamvu, na ameniita mara mbili.